Barua ya wazi kwa Waziri wa Katiba na Sheria kuhusu amri za matunzo ya mtoto

Mheshimiwa Waziri,

Ninakuandikia nikiwa msaidizi wa kisheria ninayewapokea mara kwa mara wazazi waliotalikiana. Wengi wao amri ya matunzo, yaani agizo la mahakama kwamba mzazi atoe kiasi fulani cha kumtunza mtoto, wanayo, ila imepitwa na wakati.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaitaka mahakama, kabla ya kutaja kiasi, ipime kipato na mali za wazazi wote wawili, majukumu yao kwa watoto wengine, na gharama za maisha mahali mtoto anapoishi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 nayo inaruhusu amri ibadilishwe pale hali inapobadilika kwa kiasi kikubwa. Lakini mahakama haibadilishi mpaka iombwe, na anayehitaji kuomba ndiye mwenye nafasi finyu zaidi ya kufanya hivyo.

Mama mmoja muuza mboga alipewa amri mtoto akiwa bado ananyonya. Leo mtoto yuko darasa la tano, na ingawa shule za umma hazitozi ada, sare, viatu, madaftari na mchango wa uji vinatoka katika kiasi kilekile kilichopangwa enzi za maziwa. Ili aongezewe, inambidi aandae maombi na kiapo cha maandishi, afunge genge kila siku ya shauri, kisha athibitishe kipato cha mtu asiye na hati ya mshahara.

Wapo pia akina baba, nao hatuwasemei vya kutosha. Dereva wa bodaboda aliyeibiwa pikipiki hakujua kwamba angeweza kuomba apunguziwe. Alinyamaza, akaacha kulipa, na malimbikizo yakamshinda. Mtoto wake hakupata hata kile kidogo ambacho baba angemudu.

Naomba ofisi yako, kwa kushauriana na Mahakama, iandae kanuni zitakazotaka kila amri itaje mahitaji yaliyohesabiwa, na ipitiwe upya mtoto anapoanza shule na anapoingia sekondari, bila kusubiri mzazi afungue maombi. Kwa mabadiliko ya katikati, iwepo fomu fupi ya Kiswahili, isiyolipiwa, inayopatikana mahakamani na kwa afisa ustawi wa jamii, na taarifa za miamala ya simu zipokelewe kama ushahidi wa awali wa kipato.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msaidizi wa kisheria, Morogoro