Kadi ya mtoto imejaa, ya mama nyeupe

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wenu wa barua. Najua mnapenda barua fupi ila hii imenishinda kuifupisha, nimekaa nayo miezi nane. Juzi nilikuwa natafuta karatasi fulani kwenye ule mfuko wa makaratasi ya hospitali nikakuta kadi mbili zimegandana, moja ya mwanangu na nyingine ya kwangu ya presha. Ya mwanangu imejaa, uzito wa siku aliyozaliwa, uzito wa siku ya 5, chanjo, tarehe za kurudi, mpaka pembeni kuna nesi kaandika "kitovu kikavu" na kupigia mstari. Ya kwangu ina namba zimepangana vizuri tu mpaka siku ya kujifungua, alafu nyeupe. Nyeupe kabisa. Na mimi nilitaka kufia humo humo kwenye huo weupe.

Nianze mwanzo kidogo. Presha yangu haikuja na mimba, ninayo tangu nina miaka 27. Miaka minne nilikuwa nameza losatani kila asubuhi, naenda kliniki, napimwa, napewa za mwezi mwingine, narudi nyumbani, na kwa miaka yote hiyo minne hakuna hata mtu mmoja aliyewahi kuniuliza swali la sekunde mbili, "mama una mpango wa kuzaa?" Nimekuja kujua nina mimba tayari wiki ya 9. Nikakimbilia kliniki ya wajawazito, nesi wa pale kuona ile boksi ya dawa akaisogeza pembeni kwa ncha ya kalamu utadhani nge. Kumbe losatani na wenzake, na zile zenye majina yanayoishia na "prili" kama enalaprili na kaptoprili, zinaweza kuharibu figo za mtoto na kupunguza maji ya tumboni, hasa mimba ikishavuka miezi mitatu. Wakanihamishia methildopa, mara tatu kwa siku, dawa inayokufanya usinzie umeshika kijiko. Na kuanzia wiki ya 12 nikaanza vile vidonge vidogo vya aspirini, mimi nikajua vya kichwa, nikawa naviruka siku ambayo kichwa hakiumi! Hakuna aliyeniambia kuwa mwenye presha kama mimi anapewa hivyo kupunguza uwezekano wa kuja kupata ile presha mbaya ya mimba inayoleta kifafa, kwamba unameza kila siku uumwe usiumwe.

Losatani yenyewe sina ugomvi nayo, ilikuwa inanifaa. Ugomvi wangu ni ile miaka minne ya ukimya. Mwanamke mwenye ugonjwa wa kudumu na bado yuko kwenye umri wa kuzaa, dawa zake ziangaliwe kabla hajashika mimba, maana moyo wa mtoto na uti wa mgongo vinajengwa wiki zile za mwanzo kabisa, wengi wetu tunakuwa hata hatujashtuka kuwa siku zimepita. Kwa mwenye kisukari ndo balaa zaidi, sukari ikiwa juu wiki hizo ndo mtoto anapata kasoro, na huwezi kurudi nyuma ukaishusha ya mwezi uliopita.

Turudi kwangu. Faili langu likaandikwa MIMBA HATARISHI kwa wino mwekundu, herufi kubwa, kila ninapopita mtu anasoma faili kabla hajanisalimia. Sawa tu, nisiwe mnafiki, maana huo wino ulinisaidia. Kila nikifika napimwa presha, napimwa mkojo kuangalia protini, naangaliwa mtoto anakua au amedumaa, mara naambiwa kaa usubiri tukupime tena. Wiki ya 37 wakanianzishia uchungu, mtoto akatoka analia, mimi mzima, siku ya pili tukaruhusiwa. Na pale mlangoni, Mhariri, ndo wino mwekundu ukafutika. Nikapewa maelekezo ya kitovu, ya kunyonyesha, ya joto la mtoto, maelezo marefu na mazuri. Ya kwangu yalikuwa sentensi moja, "za presha utaenda kule kliniki yako." Methildopa yangu ilibaki ya siku mbili.

Siku ya 5 nikampeleka mtoto akapimwe uzito. Kichwa kilikuwa kinagonga toka jana yake, nikajua ni kukosa usingizi, nani analala na kichanga? Mtoto akavuliwa, akawekwa kwenye mzani, akapimwa mara mbili maana alijitikisa. Nikamwambia yule nesi, "Dada samahani, naomba na mimi unipime presha, kichwa hakijatulia." Akanijibu vizuri tu, bila ubaya wowote, "Mama, hapa ni watoto, mashine iko chumba cha wajawazito." Nikabeba mwanangu mpaka chumba cha wajawazito, foleni ndefu, zamu yangu ilipofika yule wa kule akaangalia tumbo langu kwanza alafu uso, "Si umeshajifungua wewe? Nenda kliniki ya presha." Kliniki ya presha siku yao ni Alhamisi. Siku hiyo Jumanne.

Nikarudi nyumbani. Hapa ndo najilaumu na mimi, ningegoma kuondoka, ila mtu ana mshono, ana mtoto mkononi, maziwa yanavuja, hana hata nguvu ya kubishana. Usiku nikaanza kuona vimulimuli machoni na maumivu chini ya mbavu za kulia kama mtu anakandamiza kwa ngumi. Mdogo wangu ndo aliyepiga kelele twende. Kufika, 172 kwa 114. Wakanichoma magneziamu, ile dawa ya kuzuia kifafa cha mimba, na wale waliowahi kuchomwa wanajua, joto linatambaa kuanzia kwenye mshipa linapanda mpaka masikioni unahisi umefunguliwa tanuri usoni. Daktari wa zamu, kijana mdogo tu, ndo mtu wa kwanza kunieleza kwamba presha baada ya kujifungua ina tabia ya kupanda zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6, yani kipindi kile kile mama anakuwa amesharudishwa nyumbani, na kwamba kifafa cha mimba kinaweza kuja hata mtoto ameshazaliwa, mpaka wiki kadhaa baadae. Mimba imeisha na bado kinaitwa cha mimba! Jina lenyewe linatudanganya. Miye nilikuwa najua kondo la nyuma likishatoka basi mchezo umekwisha.

Wodini nililazwa na wenzangu wawili ambao nikiwasikiliza naona tulipitia mlango mmoja. Wa kulia kwangu ana kisukari, ni wa kuchoma insulini tangu utotoni. Mimba ilipokuwa inakua dozi yake ilipanda mpaka karibu mara mbili ya ile ya kawaida, ndivyo inavyokuwa, kondo linatoa homoni zinazoifanya insulini isifanye kazi sawasawa. Sasa kondo likitoka zile homoni zinaondoka nalo, hitaji la insulini linaporomoka siku hiyo hiyo, alafu ukinyonyesha sukari inashuka tena. Yeye akarudi nyumbani na kile kikaratasi cha dozi ya mimba. Usiku wa tatu mume wake akamkuta amekaa kitandani kalowa jasho, anatetemeka, mtoto yuko kwenye ziwa na yeye haelewi yuko wapi. Sasa hivi kabla ya kunyonyesha usiku anapima, na kitu cha sukari kiko karibu na mto wake. Hakuna aliyemfundisha, kajifunza kwa kuanguka.

Wa kushoto ni binti wa kifafa, kifafa chake mwenyewe sio cha mimba, na hata hapo watu walikuwa wanachanganya mpaka anakasirika. Huyu aliambiwa na watu wa nyumbani kuwa dawa zitamlemaza mtoto, akazitupa zote siku moja. Sasa ni kweli kuna dawa ya kifafa, valproeti, ambayo ni hatari kwa mimba, inaweza kuharibu uti wa mgongo wa mtoto na hata akili yake baadae, na mwanamke anatakiwa abadilishiwe na daktari mapema kabla ya mimba. Lakini kuacha ghafla mwenyewe ni kujitafutia degedege mfululizo, na degedege la nguvu linakuua wewe na kiumbe. Na huyu hata valproeti hakuwa anatumia! Alikuwa kwenye lamotrijini, ambayo tatizo lake ni lingine kabisa, mimba ikikua inapungua kwenye damu kwa hiyo wengi wanaongezewa dozi, wakishajifungua inabidi ishushwe taratibu isije ikawalevya. Nesi mmoja wa usiku alimfundisha mambo ambayo niliyapenda kwa urahisi wake: mbadilishie mtoto nepi sakafuni sio mezani, nyonyesha umekaa chini umeegemea mito, usimwogeshe peke yako, na umtafute mtu wa kukupokea usiku ulale, kwa sababu kukosa usingizi ndo kunakoita degedege. Dakika tano tu za maelezo. Alitakiwa azipate kabla hajabeba mimba, kazipata ameshaanguka.

Wenye pumu nitawasema kidogo tu, nao wanaacha zile pampu wakiogopa, wakati kukosa pumzi ndo kunakomnyima mtoto hewa. Na mama aliyejifungua ambaye hawezi kulala chali bila kukosa pumzi, miguu imevimba, asiambiwe "ni uchovu wa uzazi", moyo nao unaweza kudhoofika miezi ile, apelekwe akaangaliwe.

Alafu kuna hili la maziwa. Nilipotoka wodini na enalaprili, ndio, hiyo hiyo iliyokatazwa tumboni, mama zangu wawili wakubwa wakaniwekea kikao, kwamba nachagua moja, dawa au kunyonyesha. Nikarudi kuuliza. Kumbe tumboni ni habari nyingine na kwenye ziwa ni habari nyingine, kinachopita kwenye maziwa ni kidogo sana, na enalaprili na nifedipini ni katika zile zinazotumika sana kwa wanaonyonyesha, ila kama mtoto ni njiti au ana shida unasema ili wamwangalie. Nimenyonyesha, mtoto ana mashavu hayo. Na methildopa ndo waliyoniondolea, wakasema baada ya uzazi inaweza kumshusha mtu moyo, na kwa kweli zile siku chache nilizokuwa bado naimeza nilikuwa nalia nikiona hata soksi za mtoto.

Sasa ombi langu ni dogo, na ni kwa wanaopanga hizi kliniki zetu. Ile siku mtoto anapimwa uzito, mama aliyekuwa na wino mwekundu apimwe chumba hicho hicho, kiti hicho hicho. Mashine ya presha ni mkanda na pampu, haihitaji jengo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mama na mtoto waonwe ndani ya saa 24 za kwanza, tena kati ya saa 48 na 72, tena kati ya siku ya 7 na ya 14, na wiki ya 6. Nzuri, ila mwenye presha akihesabu anaona mwenyewe kuwa siku ya 4, ya 5 na ya 6 hazimo, na zangu zilikuwa hizo. Kwa hiyo sisi tuandikiwe ya ziada, na tupewe dawa za kutufikisha hapo. Na hiyo wiki ya 6 isiwe ya chanjo peke yake. Aliyepata sukari ya mimba arudishwe kupimwa kati ya wiki ya 6 na ya 12 maana wengine sukari inabaki na wengine inarudi baada ya miaka, na mwenye presha asipewe vidonge vyovyote tu vya uzazi wa mpango, vile vyenye homoni ya estrojeni havitufai.

Kuna watu watasema wenye magonjwa haya wasizae. Nimeshaambiwa usoni, na ndugu. Sitawajibu, nina mtoto wa kuogesha.

Mwezi ujao anafikisha miezi 9, tunaenda kwenye chanjo ya surua. Nitazipeleka kadi zote mbili, ya kwangu nimeshaiweka juu.

Ni mimi msomaji wenu,
Mama wa kadi mbili