Mabadiliko ya Chakula cha Mchana cha Ijumaa

Ndugu wanakikundi,

Assalamu alaikum, na habari za leo kwa nyote. Mpango wetu wa kula pamoja kwenye mkokoteni wa chakula halali ulio nje ya lango la chuo umebadilika kidogo: tutakutana Ijumaa hii saa nane kamili mchana badala ya saa saba na nusu, kwa kuwa wakati huo wanaotoka swala ya Ijumaa na wanaotoka vipindini hufika kwa pamoja, na foleni huwa ndefu mno.

1. Kila mmoja atajilipia sahani yake kwa fedha taslimu, ikiwezekana noti ndogondogo, kwani muuzaji yuko peke yake na kutafuta chenji humchelewesha.

2. Wasiokula nyama wanijulishe mapema, maana kuku na mboga hukatwakatwa juu ya bamba lilelile la moto. Muuzaji amekubali kulisafisha kwanza na kuwapikia kabla ya wengine.

3. Anayetaka kujua nyama imechinjwa wapi amuulize muuzaji mwenyewe bila kusita, kwa sababu swali hilo amelizoea na halimuudhi. Mchuzi wa pilipili uombeni kando. Ni mkali kuliko unavyoonekana.

Viti hakuna, hivyo tutakaa kwenye ngazi za maktaba.

Tafadhali thibitisheni hapa kabla ya Alhamisi saa mbili usiku, ili nimpe muuzaji idadi kamili. Atakayekaa kimya nitamhesabu kuwa hatakuwepo.

Ahsanteni,
Mratibu