Mba ya mbwa: tafuta chanzo kabla ya kununua shampuu

Kaskazi ikishaanza kuvuma, kuanzia Desemba hivi, wateja wetu wa Malindi, wanaotuletea mbwa tuwaoshe na kuwachana, huuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Mbwa ana unga mweupe mgongoni, anajikuna, ameshaoshwa kwa shampuu ya mba mara mbili tatu, na unga umerudi vile vile. Huenda shampuu haina kosa. Mba si ugonjwa, ni dalili, na dalili hiyo moja huletwa na mambo mengi ambayo hayatibiwi kwa dawa moja.

Ngozi ya mbwa hujifanya upya kila siku. Seli changa huzaliwa chini, husukumwa juu, na baada ya kama wiki tatu hupukutika zikiwa ndogo mno kuonekana. Kitu kikiikera ngozi, iwe utitiri (vidudu vidogo mno vya ngozini), viroboto, kuvu, upungufu wa mafuta chakulani au sabuni kali, safari hiyo hufupishwa, pengine hadi wiki moja. Seli hufika juu hazijakomaa, zimeshikana, na hutoka kwa vipande. Ndiyo mba unayoiona. Kwa sababu hiyo hiyo, usiyapime matibabu kwa siku tatu. Ipe ngozi wiki tatu hadi nne, ndipo useme dawa inafaa au haifai.

Kwanza hakikisha kwamba ni mba kweli. Mbwa anayetembezwa ufukweni, hasa upande wa Mambrui, hurudi na mchanga ule unaometa hadi kwenye mashina ya manyoya, na anayeogelea baharini kisha akakaukia juani hubaki na chumvi nyeupe. Chukua punje kidogo uzitie kwenye kopo la maji baridi: mchanga huzama papo hapo, chumvi huyeyuka, mba huelea.

Mbwa wengi mjini ni wa uani, kazi yao ulinzi, na katika nyumba zinazochunga twahara hakuna anayewapapasa. Hilo lina heshima yake, ila matokeo ni kwamba ngozi huja kuonekana ikiwa imeshaharibika. Mpe mlinzi au anayemlisha mbwa glavu za mpira na kitana chenye meno ya karibu karibu, kama kile cha kutolea chawa, umwombe afanye uchunguzi huu mara moja kwa mwezi. Hauzidi dakika kumi.

Tandika karatasi nyeusi au shuka nyeusi kuukuu, mbwa asimame juu yake. Mchane kutoka mwanzo wa mkia kuelekea mabegani, kinyume na manyoya yalivyolala, ukikung'uta kitana kila mara. Fanya hivyo ndani ya chumba na uzime feni, maana upepo ukipita kila kitu kitaonekana kinatembea. Kisha tulia, uangalie ile karatasi kwa dakika mbili bila kuigusa.

Vipunje vyeupe vikisogea vyenyewe, hapo hakuna shampuu ya mba itakayosaidia. Huo ni utitiri uitwao Cheyletiella, mrefu kama nusu milimita, unaoishi juu ya ngozi chini ya magamba na kuyasukuma unapopita. Hupenda mgongo, na hushika zaidi watoto wa mbwa. Dalili nyingine haiko kwa mbwa bali kwa watu: anayembeba hutoka vipele vinavyowasha kwenye mikono na tumboni. Unaweza kubandika seloteipu mgongoni pa mbwa, uibandue na kuigandisha kwenye kioo kisafi umpelekee daktari wa mifugo aitazame kwa hadubini. Dawa zipo na hufanya kazi vizuri, kwa mfano selamektini ya kudondoshea shingoni, lakini kipimo hutoka kwa daktari kulingana na uzito. Kinachowashinda wengi ni kutibu mbwa mmoja na kuacha paka na sungura wa nyumba ile ile. Utitiri huu hupita kwa wote, na unaweza kukaa siku kadhaa nje ya mnyama ukasubiri. Tibu wanyama wote siku moja, fua malalo kwa maji ya moto, na uendelee kwa wiki sita au zaidi, kwa sababu mayai yaliyoganda kwenye manyoya hayafi kwa dawa ya mara moja.

Ukiona kwenye meno ya kitana punje nyeusi mfano wa pilipili manga iliyosagwa, ziweke kwenye karatasi nyeupe ya shashi iliyoloweshwa. Zikitoa rangi ya kutu, hicho ni kinyesi cha viroboto, yaani damu iliyokwisha kusagwa tumboni mwao. Kwa mbwa mwenye mzio wa mate ya kiroboto, wachache tu wanatosha kumfanya ajitafune kiunoni na kwenye mashina ya mkia mpaka magamba yajae. Hapa pwani hakuna baridi ya kuwaua, kwa hiyo dawa ya viroboto ni ya mwaka mzima. Viroboto unaowaona mwilini ni sehemu ndogo. Mayai, mabuu na vifukofuko viko chini. Mabuu hukimbia jua kali. Usihangaike kunyunyizia uwanja uliochomwa na jua kutwa. Shughulika na kivulini: chini ya mwembe, chini ya kitanda cha mlinzi, pembeni mwa baraza, nyuma ya tangi la maji. Fagia, choma takataka, fua malalo kila wiki, na usikatize dawa ya mwilini kwa miezi mitatu ya kwanza hata kama mbwa ameacha kujikuna, maana vifukofuko vilivyobaki bado vitaangua.

Karatasi ikiwa na magamba tu, yasiyotembea, na kitana hakina punje nyeusi, ndipo vidole vinapofanya kazi. Shika manyoya ya mgongoni uyasugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Yakiwa makavu na magamba yanapeperuka kama unga wa ngano, ni mba kavu. Yakiacha mafuta vidoleni, na harufu ni ya mafuta yaliyochacha, ni mba ya mafuta. Hizi mbili hazioshwi kwa dawa moja, na hapa ndipo pesa nyingi hupotea.

Mba kavu, kwa tunavyoona, huanzia jikoni kuliko bafuni. Mbwa aliyelelewa kwa sima na mchuzi mwepesi hushiba lakini ngozi yake ina njaa. Inakosa asidi ya linoleiki, mafuta ambayo mwili wa mbwa hauwezi kuyatengeneza, na mara nyingi inakosa zinki pia, kwa kuwa nafaka ina fitati inayoifunga zinki isifyonzwe. Magamba mazito yanayozunguka macho, mdomo na nyayo ni dalili ya zinki hiyo, na yakitokea usinunue vidonge kwa kukisia, muulize daktari.

Wengi hukimbilia mafuta ya nazi, na hatuwalaumu, maana ndiyo tuliyokulia. Lakini nazi ina asidi ya linoleiki kidogo sana, kama asilimia 2. Mafuta mengi ya kupikia yanayouzwa madukani ni ya mawese, nayo huwa na asilimia 10 hivi. Ya alizeti ya kawaida mara nyingi hukaribia asilimia 60. Soma chupa. Mbwa wa kilo 10 anatosheka na kijiko kidogo kimoja cha chai, mililita 5, kwa siku, kikichanganywa na chakula. Wa kilo 30 kijiko kikubwa kimoja, mililita 15. Anza na nusu ya hapo kwa wiki nzima, la sivyo ataharisha. Mbwa mnene, au aliyewahi kuugua kongosho, asipewe bila idhini ya daktari. Badala ya kuongeza sima, ongeza dagaa wabichi waliochemshwa au minofu ya samaki iliyotolewa miiba. Ng'onda haifai, chumvi yake imezidi. Kama unanunua chakula cha mfuko, angalia kiwango cha mafuta kwenye lebo. Kiwango cha chini kinachokubalika kwa mbwa mzima ni asilimia 5.5, lakini kwa mwenye mba kavu sisi tunapendelea chenye asilimia 12 kwenda juu. Badiliko la chakula huonekana kwenye manyoya baada ya wiki sita hadi nane. Ni muda mrefu, tunajua, lakini hakuna njia ya mkato.

Sababu ya pili ya mba kavu ni maji na sabuni. Ngozi ya mbwa haina uchachu kama wa ngozi yetu, kwa hiyo shampuu ya watu, sabuni ya kipande na sabuni ya unga ya kufulia humvua mafuta yake ya asili. Maji ya visima vingi huku yana chumvi. Ukimsuuza nayo, unamwachia kile kile ulichokuwa unamwondolea. Kama kisima chako kina chumvi, tumia maji hayo kulowesha na kuosha, uweke ndoo mbili za maji ya mfereji au ya mvua kwa suuzo la mwisho. Na mbwa akitoka baharini asuuzwe siku hiyo hiyo, hata bila sabuni.

Mba ya mafuta ni jambo jingine. Hapa kuna kuvu aina ya Malassezia, mkazi wa kawaida wa ngozi anayezidi pale palipo na joto na unyevu, ndiyo maana huongezeka wakati wa masika. Angalia shingoni kwa chini, makwapani, kati ya vidole na ndani ya masikio. Ngozi iliyokaa nayo muda mrefu hugeuka nyeusi na nene. Shampuu inayofaa ni yenye klorheksidini asilimia 2 pamoja na mikonazoli asilimia 2, mara mbili kwa wiki kwa wiki tatu. Kama kuna mafuta na magamba mazito bila kuvu, ile yenye salfa na asidi ya salisili hulainisha magamba yakatoka. Hiyo ya pili ukimpaka mwenye mba kavu huenda ukamkausha zaidi. Yeye anataka shampuu laini ya shayiri, mara moja kila wiki mbili, basi.

Sasa kuosha kwenyewe. Mchane kwanza akiwa mkavu. Manyoya yaliyofungamana yakilowa huwa kama kamba na dawa haipiti. Pima maji kwa kifundo cha mkono, hasa yakitoka kwenye tangi jeusi la juu ya paa: saa saba mchana yanaweza kumchoma. Mloweshe dakika tano kamili mpaka ngozi yenyewe iwe na maji, siyo manyoya ya juu tu. Mbwa wa kilo 25 mwenye manyoya ya wastani hutumia mililita 30 hadi 45 za shampuu ya dawa, na usiizimue kupita maelezo ya chupa. Isugue taratibu kwa ncha za vidole, usitumie kucha, kisha iache dakika kumi kwa saa. Hapa ndipo matibabu mengi huharibikia. Watu hupaka, wakaona povu, wakasuuza baada ya dakika mbili, na dawa haijaanza hata kufanya kazi. Mshike, msemeze, mpe kitu cha kulamba. Suuza mpaka maji yanayodondoka tumboni yawe safi bila povu na manyoya yasiteleze, ndoo mbili za lita 20 kwa mbwa wa ukubwa huo. Shampuu iliyobaki makwapani nayo huleta mba. Mkaushe kwa taulo kwa kukandamiza, na masikio umalizie kwa pamba.

Kuna vitu tunawasihi msimpake mbwa kabisa. Mafuta ya taa na oili chafu ya gari huunguza ngozi, na anachokilamba kinamfika ini na mapafu. Dawa ya unga ya kupulizia mboga ni sumu kwake. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kupe, ikikisiwa kwa kifuniko cha chupa, imewaangusha mbwa wengi. Sindano ya ivamektini ya mifugo ni hatari kwa baadhi ya mbwa wenye kasoro ya kurithi, hasa wa aina ya Collie, na hata baadhi ya German Shepherd. Mwarobaini una sifa zake, lakini maji ya majani yake hayafiki kwa utitiri wa ukurutu uliochimba ndani ya ngozi. Na kama nyumbani kuna paka, soma lebo mara mbili: dawa ya mbwa yenye permetrini inaweza kumuua paka, hata kwa kulala tu karibu na mbwa aliyepakwa siku hiyo.

Sisi kazi yetu ni kuosha na kuchana. Hatukwangui ngozi wala hatuchomi sindano. Tukikuta mabaka ya duara yasiyo na manyoya, ambayo yanaweza kuwa punye inayopita hadi kwa watoto, au ncha za masikio na viwiko vyenye ukoko na mwasho usiokoma, tunasimamisha kuosha na kukuelekeza kwa daktari wa mifugo. Vivyo hivyo kwa mbwa wa makamo anayenenepa bila kula zaidi, amelegea, na manyoya yanampuputika pande zote mbili kwa mfanano: huyo anahitaji kupimwa damu, tezi ya shingoni huenda imepunguza kazi.

Ukimleta kwa mara ya kwanza, njoo na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa, picha ya lebo ya chakula chake, na chupa zote ulizokwisha kujaribu, hata zilizoisha. Na usimwoshe kwa siku tatu kabla ya kuja. Tunataka kuyaona magamba yenyewe.