Barua kwa mwanangu: Kabla hujasaini, msikilize Petula Clark

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka nyumbani, sote wazima. Ujumbe wako nimeupata na umenikera, siyo wewe, ni huyo meneja. Ati uendelee kuigiza kibinti cha shule kwenye tamthilia, na nyimbo zako uziweke kando kwa kuwa watazamaji wamekuzoea hivyo. Mtu mzima wewe!

Nilimkumbuka Petula Clark, yule mwimbaji na mwigizaji wa Uingereza. Mwaka 1942, vita vimepamba moto, alifuatana na baba yake studio za BBC, London, kumtumia salamu mjomba aliyekuwa vitani. Ndege za adui zikaja, watu wakaingiwa na hofu, mtayarishaji akaomba mtu wa kutumbuiza. Petula, mtoto wa miaka 9, akaimba. Kuanzia hapo ikawa redio, kuwaimbia wanajeshi, na filamu juu ya filamu. Baba yake ndiye aliyesimamia kazi. Basi Waingereza wakampenda kama mtoto, na hata alipovunja ungo akawa bado anavalishwa kitoto.

Kilichomtoa ni Ufaransa. Aliimba kwenye ukumbi wa Olympia, Paris, akapokewa vizuri, na mwaka 1961 akaolewa na Mfaransa, Claude Wolff. Wale hawakuwa na kumbukumbu ya kitoto cha redioni, walimwona mwanamke. Akaimba kwa Kifaransa, baadaye hata Kijerumani na Kiitaliano.

Mwaka 1964 mtunzi Tony Hatch alimfuata Paris na nyimbo mpya. Hakuna hata mmoja uliomgusa. Akaenda jikoni kuandaa chai, huku nyuma Hatch akapiga kwenye piano muziki ambao hata maneno haujakamilika. Petula akamwambia: pata maneno yanayofanana na muziki huu, nitauimba. Huo ndio “Downtown”. Januari 1965 ulishika namba moja Marekani, naye ana miaka 32. Thelathini na miwili, mwanangu, na wewe unaambiwa umechelewa! Hollywood nayo ikamwita: 1968 akaigiza filamu na Fred Astaire, 1969 na Peter O'Toole, nyota wakubwa wa sinema, kama mwanamke mzima.

Lakini ninalolipenda zaidi ni la Machi 1968. Alikuwa anarekodi kipindi chake cha runinga cha NBC ya Marekani, mgeni wake Harry Belafonte, yule aliyeimba “Malaika” pamoja na Miriam Makeba. Wakiwa katikati ya wimbo wa kupinga vita, Petula akamshika Belafonte mkono. Mwakilishi wa mdhamini, kampuni ya magari ya Chrysler, akaja juu: mwanamke mweupe kumgusa mwanamume mweusi, watazamaji wa Kusini mwa Marekani, kwenye ubaguzi wa rangi, watasemaje? Akataka itumike rekodi nyingine waliyosimama mbalimbali. Petula na mumewe wakakataa, na zile rekodi nyingine wakaziharibu, ibaki ile moja tu. Ikarushwa vilevile tarehe 8 Aprili, siku nne baada ya Martin Luther King kuuawa.

Huyo ni yule yule aliyekuwa akichaguliwa hata gauni la kuvaa.

Sasa huo mkataba nitumie picha zake, kurasa zote, hasa panaposema nani mwenye haki ya nyimbo zako na umefungwa miaka mingapi. Shangazi yako anamfahamu wakili mmoja, tutampelekea Jumatatu. Mpaka hapo usisaini kitu. Na ule wimbo ulioniimbia kwenye simu, umalizie, mimi ninausubiri.

Mama yako akupendaye