Tusingoje wafe ndo tuwasifu

Mhariri,

Nimesoma ile tanzia mliyoandika kuhusu mtu aliyetumia maisha yake yote kutunza majengo ya zamani, na nashukuru mliipa nafasi kubwa, ila kuna kitu kinaniuma na naomba nikiseme. Watu hawa tunawasifu wakishazikwa. Wakiwa hai tunawaona wasumbufu tu, eti huyu naye kila kikao yupo na mapicha yake anapinga maendeleo.

Wengi hawajui hata hiyo kazi ikoje, wanadhani ni kupaka rangi na kutundika kibao mlangoni. Kumbe sehemu kubwa ni makaratasi, kusaka hati na ramani za zamani, kupiga picha kila mlango kabla haujang'olewa, kukaa na wazee kuwauliza nani alijenga na nani aliishi humo. Halafu kuna ufundi wenyewe. Nyumba ya mawe iliyojengwa kwa chokaa ukiikarabati kwa saruji unaiua polepole, maana chokaa inaacha unyevu utoke na saruji inaufungia ndani, chumvi inajikusanya, mawe yanaanza kumomonyoka huku plasta ya nje bado inang'aa na mwenye nyumba anajua amefanya la maana. Fundi anayeijua chokaa vizuri akiondoka bila kumfundisha mtu, hiyo hasara hata bajeti nono haiwezi kuirudisha.

Na nguvu ya mtu mmoja msiidharau. Ann Pamela Cunningham wa South Carolina, Marekani, aliumia alipoanguka kutoka kwenye farasi akiwa binti mdogo na akaishi na maumivu miaka yote, lakini mwaka 1853 mama yake alipomweleza jinsi nyumba ya George Washington, rais wao wa kwanza, pale Mount Vernon inavyochakaa, yeye aliandika barua gazetini, bila kutaja jina lake, akiwaomba wanawake wachange. Barua gazetini, mhariri, kama hii! Mwaka 1858 wanawake hao wakakubaliana na mwenye nyumba wa wakati huo kuinunua kwa dola 200,000 na hadi leo chama alichoanzisha ndo kinaimiliki. Ila nasema pia, pale waliishi mamia ya watumwa na hao ilichukua muda mrefu sana kukumbukwa, kwahiyo anayetunza nyumba atunze na majina ya waliofanya kazi humo, sio ya bwana peke yake.

Tukichelewa tunajua kinachotokea. New York walianza kuibomoa stesheni ya treni ya Penn mwaka 1963, jengo lenyewe lilikuwa limefunguliwa 1910 tu, watu wakalia weee, na sheria ya jiji ya kulinda majengo kama hayo ikaja 1965. Stesheni ilishaenda.

Sasa ombi langu ni hili. Tengeni kona kila wiki ya kuwahoji hawa watu wakiwa bado wana nguvu, fundi, mtunza kumbukumbu, yule mwenye maboksi ya picha chini ya kitanda, muwaulize wanafanyaje na nani wanamfundisha. Na kama hawana wa kumfundisha liandikeni hilo wazi, pamoja na namna kijana anayetaka kujifunza anavyoweza kuwafikia.

Msomaji wenu