Stempu zetu zionyeshe kazi ya mikono, wanyama wapumzike

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo. Sisi tunaokusanya stempu hapa Nairobi tumebaki wachache na wengi wetu tuna mvi, lakini bado tunabadilishana, na kati ya zile zinazozunguka kuna za Malaysia zenye picha ya songket. Nimeziangalia kwa lenzi mpaka macho yameuma na nina neno kwa wale wanaochagua picha za stempu zetu.

Songket ni kile kitambaa cha Wamalay cha hariri ama pamba chenye maua ya dhahabu, kinavaliwa harusini na kwenye sherehe za masultani, na bwana harusi hujifunga kiunoni juu ya suruali. Ukimwonyesha mtu Eastleigh atakwambia hiyo ni darizi. Sio darizi hata kidogo! Mfumaji, na mara nyingi ni mama, anakaa kwenye kitanda cha kufumia, anainua nyuzi chache tu za mtande, zile zilizotandazwa kwa urefu, anapitisha uzi wa dhahabu hapo, halafu mshindio wa kawaida, uzi unaokatiza wa kushika kitambaa, anainua zingine, anapitisha tena, na akikosea hesabu ya nyuzi ua lote linapinda. Nguo moja inaweza kula miezi. Zamani uzi ulikuwa na dhahabu ya kweli, siku hizi mwingi ni wa kiwandani wa kung'aa tu, lakini kazi ya mkono ni ileile. Majimbo ya Terengganu na Kelantan huko Malaysia ndiko inasifika zaidi, na Desemba 2021 UNESCO ikaitia kwenye orodha yake ya turathi za binadamu.

Sasa kwenye stempu nguo ndio mwenye picha. Unaona safu ya pembetatu ndefu zilizochongoka, wenyewe wanaita pucuk rebung, yaani machipukizi ya mwanzi, na unaona kitambaa kina kichwa, mwili na mguu, kila sehemu na pambo lake. Mama wa Mombasa aliyezoea pindo na mji wa leso, yaani ukingo na sehemu ya katikati, angeelewa bila kuelezwa.

Sisi je? 1971 tulitoa za kombe za baharini, nzuri sana mpaka leo watu wanazitafuta, 1977 madini, 1988 vipepeo. Wanyama nao tumewachapa hadi wamechoka. Miaka ya 80 tulikuwa na mavazi ya sherehe ya makabila, sawa, lakini pale ni mtu amesimama amevaa kila kitu, ukitaka kujua ile nguo imetengenezwa vipi hupati kitu.

Leso nisingeanza nayo, inachapwa rangi, haifumwi maua, na ina watu wengi wa kuisemea. Mimi ningeanza na kiondo cha mkonge, kwa sababu mama wa Ukambani anakisuka huku anatembea na kupiga story, hana kitanda hana mashine, mistari yote iko kichwani. Halafu kikoi, pale kwenye ncha nyuzi zinaposokotwa. Halafu kofia ya Lamu, ile yenye vitundu vidogo vinavyozungushiwa uzi kimoja kimoja, hiyo ukiipiga picha kwa karibu watu watashangaa.

Najua mtu atauliza nani anatuma barua siku hizi, kila kitu ni WhatsApp. Kweli, lakini stempu hainunuliwi na watuma barua peke yao. Bhutan 1969 walichapa stempu kwenye hariri, na Uswisi mwaka 2000 wakatoa moja iliyodariziwa kwa uzi kabisa kwa heshima ya kazi ya kudarizi ya mji wao wa St. Gallen, faranga 5, na wakusanyaji wakaigombania. Hakuna aliyehitaji kuibandika kwa bahasha.

Ombi langu ni dogo. Picha ipigwe karibu mpaka uzi uonekane. Chini pachapwe jina la pambo na mahali linapotoka, sio "utamaduni wa Kenya" tu basi. Wasusi waulizwe wenyewe kabla mchoraji hajaanza, maana wao ndio wanajua mstari upi umepinda. Na tafadhali msituwekee twiga nyuma.

Mkusanyaji stempu,
Nairobi