Barua ya wazi kwa Waziri wa Fedha: kwenye sarafu za kidijitali asilimia 3 mnakata, utaratibu wa leseni uko wapi?

Mheshimiwa Waziri,

Kwa heshima zote, subira imetuishia. Wiki hii Kariakoo umerudi mchezo uleule. Muuzaji ana USDT, sarafu za kidijitali zinazofuata thamani ya dola, za shilingi milioni moja. Mnunuzi anatuma pesa kwa simu, salio linapanda, muuzaji anaachia sarafu. Kwenye Tron, mmoja wa mitandao zinakopita sarafu hizo, bloku mpya (fungu la miamala) hufungwa kila sekunde 3, kwa hiyo kabla hajaweka simu mfukoni zimeshaondoka. Kisha mnunuzi anapiga huduma kwa wateja: "Nimekosea namba." Pesa inazuiwa. Muamala wa simu una mtu wa kuurudisha, wa blokucheni, daftari la pamoja la mitandao hiyo, hauna. Hapo ndipo watu wanaliwa.

Dawa yake si ngumu. Jukwaa lenye leseni lishikilie sarafu hizo kama amana, lilinganishe jina la laini iliyotuma pesa na kitambulisho cha mnunuzi, likiona yanatofautiana lirudishe pesa na sarafu zibaki kwa mwenyewe. Laini zetu zimesajiliwa kwa alama za vidole, kwa hiyo kazi kubwa ilishafanyika. Pesa za wateja zikae akaunti yake, mbali na za kampuni.

Lakini nani ajenge jukwaa hilo hapa Dar es Salaam? Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza kwamba sarafu hizi si halali nchini. Juni 2021, pale Mwanza, Mheshimiwa Rais akaitaka Benki Kuu ijiandae nazo. Julai 2024 ikaanza kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye sarafu hizi, inayokatwa na jukwaa kabla malipo hayajamfikia muuzaji. Huenda ofisi zinategeana. Sisi tunachokiona ni kodi iliyotangulia sheria.

Na kodi yenyewe inakatwa kwenye malipo yote, si kwenye faida. Katika milioni moja ni 30,000, hata kama muuzaji amepata faida ya 10,000. Atakwenda kwenye jukwaa la wazi akakatwe hasara? Atabaki kwenye magroup ya Telegram, kwa matapeli walewale, na Hazina haitapata hata senti.

Tunaomba kanuni za leseni, Mheshimiwa. Kodi ihamie kwenye faida, ndiyo, lakini hata hilo linaweza kusubiri bajeti. Leseni haiwezi. Toeni kanuni za leseni.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Watengenezaji wa mifumo ya malipo, Dar es Salaam